Wazee Watatu na Neno la Daktari

Daktari wa Hospitali ya Tosamaganga akiitwa Mahakama Kuu, hubeba vitu vichache: hati ya wito, kitambulisho, na kumbukumbu ya ripoti aliyoijaza kwa mkono wake, pengine miaka miwili au mitatu iliyopita. Hospitali hiyo ni ya Jimbo Katoliki la Iringa, imekulia pembeni ya misheni ya Wakonsolata, na ndiyo hospitali teule ya Halmashauri ya Wilaya ya Iringa. Mtu akifa kifo chenye utata katika vijiji vya upande ule, polisi wakafika na fomu zao, daktari wa zamu ndiye anayevaa glavu. Kutoka hapo hadi Iringa mjini si mbali. Kazi ninayotaka kuisifu huanza daktari akishafika, na mwenye kazi hiyo si yeye. Ni jaji: fundi wa kulipokea neno la mtaalamu, kulifungua vipande vipande, kisha kuwakabidhi watu wasio wataalamu walipime wenyewe.

Hapa kwetu Tanzania hakuna lile jopo la raia 12 la Uingereza na Marekani, linaloingia chumbani na kutoka na uamuzi. Waingereza walituachia mpango mwingine: washauri wa mahakama, ambao wengi wetu tunawaita wazee wa baraza hata kama mmoja wao ni kijana. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 ilitaka mashauri ya jinai ya Mahakama Kuu yasikilizwe na jaji akisaidiwa na washauri wasiopungua wawili. Mara nyingi walikaa watatu. Maoni yao hayakumfunga jaji. Hata hivyo, mwaka 1954 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilikwisha sema kwamba maoni hayo yana msaada mkubwa, ila pale tu wazee wanapozielewa habari za shauri na sheria inayozihusu. Wasipoelezwa, thamani yake hupungua kwa kiasi hichohicho. Basi jaji akawa na kazi ya pili juu ya ile ya kuamua, nayo ni kueleza. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yaliondoa ulazima wa kukaa na wazee. Kenya iliwaondoa mwaka 2007. Nitaieleza kazi hii kama ilivyokuwa ikifanywa wazee walipokaa, maana hapo ndipo mkono wa fundi ulipoonekana wazi.

Tuchukue shauri la mfano, la aina inayojulikana sana katika nyanda hizi. Wanaume wawili wametoka kilabuni usiku, msimu wa ulanzi umepamba moto. Asubuhi mmoja anakutwa amekufa kwenye mteremko wenye mawe. Mwenzake yuko kizimbani. Upande wa mashtaka unasema marehemu alipigwa rungu kisogoni. Mshtakiwa anasema walisukumana, mwenzake akaanguka chali, naye akadhani amelala kwa ulevi. Hakuna aliyeona. Aliyebaki kueleza habari za kile kisogo ni daktari.

Daktari anaapa. Kabla hajaulizwa lolote juu ya marehemu, anaulizwa juu yake mwenyewe: amesoma wapi, ana miaka mingapi kazini, amechunguza miili mingapi. Anayeuliza ni Wakili wa Serikali, lakini ukitaka kuuona ufundi mtazame jaji, ambaye anaandika kila jibu. Kifungu cha 47 cha Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 kinaruhusu maoni ya watu wenye ujuzi wa pekee katika sayansi, sanaa, sheria za nchi nyingine, utambuzi wa mwandiko na alama za vidole. Shahidi mwingine kwa kawaida hutakiwa kusema aliyoyaona na kuyasikia tu. Mtaalamu ndiye anayepewa ruhusa ya kusema anachodhani. Ruhusa hiyo ni kubwa, ndiyo maana jaji mwangalifu hairuki hatua ya kuuliza imetoka wapi. Daktari wa jumla wa hospitali ya wilaya si bingwa wa patholojia. Hilo linaandikwa bila dharau, kwa sababu huenda ndiye daktari pekee aliyeuona mwili ule kabla haujazikwa.

Kisha ripoti inasomwa na kupokewa kama kielelezo. Sheria inaruhusu ripoti ya daktari ipokelewe hata daktari asipofika, mradi mshtakiwa ameelezwa kwamba ana haki ya kutaka aitwe ahojiwe. Ni agizo dogo, la sentensi moja, na rufaa nyingi zimefaulu kuiondoa ripoti kwa sababu sentensi hiyo haikutamkwa. Karatasi haina masikio, haiulizwi swali ikajibu.

Daktari anasoma upesi, kama wasomavyo watu waliozoea lugha yao. Jaji anainua kalamu. “Polepole, Daktari. Jeraha lilikuwa wapi?” Daktari anageuza kichwa na kuweka vidole kisogoni. Jaji hatosheki na kuona. Mkono wa shahidi hauingii kwenye mwenendo wa shauri mpaka uandikwe, kwa hiyo anatamka kwa sauti huku akiandika: shahidi anaonyesha sehemu ya nyuma ya kichwa, kidogo upande wa kulia. Jeraha lilikuwa na ukubwa gani? Sentimita 4. Kingo zake zilikuwaje? Zimechanikachanika, hazikukatika moja kwa moja. Na ndani? Fuvu lilikuwa na ufa chini ya jeraha, damu ilikuwa imeganda kati ya fuvu na ubongo, na ubongo wenyewe ulikuwa umevilia damu upande wa mbele, nyuma ya paji la uso. Daktari alitumia majina ya Kilatini, jaji akamwomba ataje mahali na rangi. Wazee watatu wameinama mbele, kila mmoja sasa anaujua ule ufa ulipo.

Mawakili wakimaliza, ni zamu ya wazee kuuliza, kwa idhini ya jaji. Hapa pana mpaka mwembamba ambao Mahakama ya Rufani imeukumbusha mara nyingi: mzee wa baraza anauliza ili aelewe, hamhoji shahidi kama wakili wa upande wa pili anayetaka kumwangusha. Shauri lililosikilizwa kwa kuuvuka mpaka huo limewahi kufutwa lote na kuanza upya. Jaji stadi huulinda kwa upole, hamkati mzee kauli. Mzee wa pili anasimama. “Daktari, mtu akianguka chali akapiga kisogo kwenye jiwe, ndani ya kichwa kutakuwaje?” Ni swali la mtu aliyewahi kuona watu wakianguka. Daktari anafikiri, kisha anasema kwamba kichwa kinachokwenda kwa kasi kikisimamishwa ghafla na ardhi, ubongo mara nyingi huumia upande ulio mkabala na pigo. Kichwa kilichotulia kikipigwa, mara nyingi ubongo huumia palepale chini ya pigo. Je, aliyoyaona yanafanana na lipi? Anakiri kwamba kule kuvilia damu mbele kunaelekea zaidi kwenye kuanguka, ingawa hawezi kuapa kwamba pigo halikuwapo. Jaji anaandika jibu lote, pamoja na ile “ingawa”.

Yanayofuata hayaonekani na mtu. Jaji anarudi ofisini na madaftari yake na kuandaa majumuisho, hotuba atakayowasomea wazee kabla hawajatoa maoni. Humo lazima uwemo mzigo wa ushahidi, ambao uko kwa upande wa mashtaka mwanzo hadi mwisho, na kiwango chake, yaani pasipo kuacha shaka yoyote ya msingi. Iwemo maana ya nia ovu, kwa kuwa bila hiyo hakuna kosa la kuua kwa kukusudia. Iwemo habari ya ulevi, iwemo habari ya ushahidi wa mazingira pale ambapo hakuna aliyeona. Jambo la msingi la kisheria likisahaulika, kazi nzima inaweza kuanguka kwenye rufaa. Mengi ya hayo jaji ameyaeleza mara nyingi kiasi kwamba yanatoka yenyewe. Sehemu ya mtaalamu haitoki yenyewe, kwa sababu kila mtaalamu ana neno lake, na kila neno lina mifupa yake.

Siku ya majumuisho jaji anaanza kama mama anayechambua maharage kwenye ungo, punje moja baada ya nyingine, bila kuruhusu chochote kipite kwa kuwa tu kinafanana na vingine. “Waheshimiwa wazee, mlimsikia daktari. Nitawagawia maneno yake mafungu matatu.” Fungu la kwanza ni aliyoyaona kwa macho yake: jeraha la sentimita 4, ufa, damu mbele. Hapo daktari ni shahidi kama mwingine, mnampima kwa ukweli wake na uangalifu wake. Alichunguza mchana au kwa taa? Aliandika palepale au baadaye? Fungu la pili ni anayoyadhani kutokana na aliyoyaona: kwamba kilichosababisha jeraha ni kitu butu. Hapo mnapima sababu zake. Je, ametueleza ametokaje kwenye zile kingo zilizochanika mpaka kwenye kitu butu, nanyi mmemfuata hatua kwa hatua? Fungu la tatu ni yale yaliyoandikwa kwenye ripoti lakini si ya daktari kabisa. Ripoti inasema marehemu “alipigwa na rungu”. Nani alimwambia daktari habari za rungu? Askari aliyeleta mwili. Rungu hakuliona, wala kwenye fuvu hapakuwa na kipande cha mti. Neno hilo lilipanda kwenye ripoti kama abiria, na jaji analishusha kwa adabu, mbele ya wote.

Hatua hiyo ndiyo ninayoistahi kuliko zote. Haihitaji jaji ajue udaktari. Inahitaji awe na subira ya kukaa juu ya sentensi moja mpaka aone pale ambapo jicho limeishia na dhana imeanzia.

Kalenga, jirani na Tosamaganga, kuna fuvu ambalo kila mwanafunzi wa Iringa amewahi kupelekwa kulitazama. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani irudishe fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Ilichukua zaidi ya miaka 30. Gavana Edward Twining ndiye aliyelitafuta katika jumba la makumbusho la Bremen, kati ya mafuvu mengi, akiongozwa na vipimo vya vichwa vya ukoo wa Mkwawa na tundu lililoonekana kuwa la risasi, kwa kuwa Mkwawa alijipiga risasi mwaka 1898. Tarehe 19 Juni 1954 lilikabidhiwa Kalenga. Siandiki haya kutia doa heshima ya mahali pale; wanahistoria wamelijadili kwa miaka mingi swali la kama fuvu hilo ni la Mkwawa kweli. Nayaandika kwa sababu mafungu yale matatu ya jaji yapo hapo pia. Tundu linaonekana na kupimika. Kwamba ni la risasi, ni maoni ya mjuzi wa majeraha. Kwamba kichwa ni cha mtu fulani, hapo mjuzi wa majeraha anakuwa ameishiwa, na vipimo vya upana na urefu vinapaswa kujibu swali lao peke yao: watu wangapi wengine wana kipimo kama hicho?

Mtaalamu akitoka kwenye shamba lake bila mtu kumzuia, madhara yake ni makubwa. Mwaka 1999 Uingereza ilimtia hatiani Sally Clark, wakili na mama, kwa kuwaua wanawe wawili wachanga. Profesa Roy Meadow, daktari wa watoto, aliliambia jopo kwamba uwezekano wa watoto wawili wa nyumba kama ile kufa ghafla bila sababu inayojulikana ni mara 1 kati ya milioni 73. Namba hiyo ilitokana na kuzidisha 8,543 kwa 8,543, kana kwamba kifo cha mtoto wa kwanza hakina uhusiano wowote na cha wa pili, ilhali ndugu hushiriki damu moja na nyumba moja. Aliyesema alikuwa mjuzi wa watoto, na namba ilikuwa ya wajuzi wa takwimu. Mwaka 2001 chama chao cha kifalme kilitangaza kwamba hesabu ile haikuwa na msingi. Mwaka 2003 hukumu ilifutwa, hasa baada ya kubainika kwamba majibu ya maabara ya mtoto mmoja hayakuwa yamefikishwa kwa utetezi. Nikimkumbuka jaji wa Iringa akiwaambia wazee, “Daktari anajua habari za jeraha, habari za nani alikuwa na ugomvi na nani hazijui kuliko ninyi,” naona mtu anayelinda mpaka ambao kwingine uliachwa wazi.

Kuna mashauri ambayo mpaka huo ni mgumu zaidi kuuchora, nayo ni ya akili. Iringa inayajua kwa uchungu. Siku ya Krismasi ya mwaka 1971, Saidi Mwamwindi, mkulima wa Isimani, alimpiga risasi na kumuua Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Kleruu. Shauri lilisikilizwa Iringa mwaka 1972 mbele ya Jaji Onyiuke, aliyetoka Nigeria, na miongoni mwa yaliyobishaniwa ni hali ya akili ya mshtakiwa saa ile. Kanuni ya Adhabu inamchukulia kila mtu kuwa na akili timamu mpaka ithibitike vinginevyo. Miongoni mwa maswali inayouliza ni hili: je, ugonjwa ulimzuia mshtakiwa asielewe anachokifanya, au asijue kwamba hapaswi kukifanya? Daktari wa akili hajasomea swali hilo. Yeye anajua ugonjwa, dalili zake na mwenendo wake; ripoti yake, ambayo siku hizi kwa kawaida hutoka Isanga, Dodoma, inaeleza alichokiona kwa mgonjwa aliyekaa naye wiki kadhaa, miezi mingi baada ya tukio. Akikaa na wazee, jaji anapaswa kuwaeleza kwamba kati ya ripoti hiyo na saa ya tukio pana daraja, na daraja hilo hujengwa kwa ushahidi wa majirani: alikuwa akizungumzaje asubuhi ile, alikimbia au alikaa, alificha silaha au aliiacha sebuleni. Anawaeleza pia kwamba hapa mshtakiwa ndiye anayethibitisha, lakini kwa kiwango chepesi zaidi, inatosha ionekane kwamba uwezekano wa ugonjwa huo kuwapo ni mkubwa kuliko wa kutokuwapo. Mwaka 1980 Mahakama ya Rufani ilisema wazi kwamba mahakama hailazimiki kuyafuata maoni ya daktari kama ipo sababu nzuri ya kutoyafuata.

Ukiyasikia maneno hayo kwa haraka unaweza kudhani yanawapa wazee ruhusa ya kumpuuza daktari. Mkazo wa jaji uko kwenye nusu ya pili. Sababu nzuri. Mzee hawezi kusema “mimi siamini mambo ya hospitali” na maoni yake yakawa na uzito. Ataje ushahidi mwingine unaopingana na daktari, au aonyeshe kwamba msingi wa maoni ya daktari haukuthibitika, au kwamba daktari mwenyewe alijipinga. Vivyo hivyo kwa kukubali: kusema “daktari amesema” hakutoshi. Nimeona majaji wakirudia jambo hili kwa maneno mengine mara ya pili na ya tatu, wakitazama nyuso, wakisubiri kichwa kitikisike.

Na muda wote huo jaji hasemi anavyoona yeye. Mahakama ya Rufani imewakemea majaji walioonyesha maoni yao katika majumuisho, kwa kuwa mzee akishajua mwelekeo wa jaji hatoi tena maoni yake, anatoa ya jaji. Fikiria ugumu wake. Huyu amesikiliza shauri zima, ana mwelekeo tayari, na saa nzima anayaeleza maelezo ya daktari kwa sauti ileile, akivipa uzito uleule ule ufa wa kisogoni na ile damu ya mbele. Hasemi “kumbukeni hasa”. Anasema “mlisikia pia”.

Kisha kila mzee anatoa maoni yake mwenyewe, mmoja mmoja, na jaji anayaandika. Katika shauri letu la mfano, wa kwanza anasema mshtakiwa alimpiga, kwa kuwa ugomvi ulianzia kilabuni na jeraha lipo. Wa pili, yule aliyeuliza habari za kuanguka, anasema hawezi kupita juu ya damu iliyokutwa mbele ya ubongo. Shaka ipo, aachiwe. Wa tatu anasema walisukumana kweli, kifo kilitokana na kusukumwa, ila nia ya kuua haionekani; ni kuua bila kukusudia. Hakuna aliyelitaja rungu kama jambo alilolisema daktari. Lilikuwa limeshushwa na likabaki chini.

Jaji akitofautiana nao, huandika kwa nini. Sasa kwa kuwa wazee hawakai tena kwa lazima, maelezo aliyokuwa akiwapa wao anajipa mwenyewe, ndani ya hukumu, kwa maandishi. Anayoyaandika yatasomwa na mshtakiwa, na majaji wa rufaa, na pengine na daktari mwenyewe kule Tosamaganga, ambaye mara nyingi hurudi wodini bila kujua neno lake lilifika wapi. Katika hukumu zilizoandikwa kwa uangalifu, aya inayoanza na “shahidi aliona” na aya inayoanza na “kwa maoni ya shahidi” bado haziunganishwi kuwa moja.